Umeme Ukikatika Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuripoti, Saa za Kusubiri na Fidia

Ukurasa huu ni wa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi England, Scotland na Wales. Viwango vya fedha vilivyotajwa ni vya wateja wa majumbani na vilianza Aprili 2023. Hurekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo hakikisha kiwango cha sasa kabla hujaandika dai. Humu ndani tunatumia majina mawili mepesi: kampuni ya bili ni ile unayoilipa kila mwezi, na kampuni ya nyaya ni ile yenye nguzo, nyaya na transfoma za eneo lako. Wengi hupoteza muda kwa kuchanganya hizi mbili.

## Nani wa kupigiwa, na wakati gani

1. Umeme umekatika usiku. Nipigie kampuni ninayoilipa bili?

Hapana. British Gas, Octopus, EDF, OVO na wenzao wanakuuzia umeme tu, hawana fundi wa kupanda nguzo. Hitilafu za nyaya ni kazi ya kampuni ya nyaya, nayo huwezi kuichagua wala kuihama: inafuata mahali nyumba ilipo. Kuna maeneo 14 ya leseni. UK Power Networks ina London, kusini mashariki na mashariki mwa England. National Grid Electricity Distribution ina Midlands, kusini magharibi na Wales ya kusini. Waliobaki ni Northern Powergrid, SP Energy Networks, SSEN na Electricity North West (sasa SP Electricity North West). Mitaa mingine mipya ina kampuni ndogo binafsi ya nyaya, na jina lake hupatikana kwenye kibandiko karibu na mita.

Isipokuwa kama tatizo ni mita yenyewe, hasa ya kulipia kabla. Hapo soma swali la 19.

2. Nambari 105 ni ya nani?

Ni nambari moja ya bure kwa England, Scotland na Wales, iliyoanza Septemba 2016 ili mtu asilazimike kukumbuka jina la kampuni yake ya nyaya. Ukipiga, unaunganishwa na kampuni ya eneo lako. Leseni inailazimu kila kampuni ya nyaya kuwa na huduma ya kupokea taarifa saa 24, bila malipo kwa anayepiga.

Kama simu yako bado ina laini ya Tanzania au Kenya, usitegemee nambari fupi kama hii. Andika nambari ndefu ya kampuni yako ya nyaya kwenye karatasi na uibandike mlangoni mwa kabati la mita. Intaneti ya nyumbani nayo itakuwa imezimika wakati utakapoihitaji.

3. Nikague nini kabla ya kupiga?

Mambo matatu, dakika mbili. Kwanza, tazama nje: taa za barabarani na madirisha ya jirani yanawaka? Pili, fungua kabati la swichi. Kama swichi moja imeshuka wakati nyingine ziko juu, tatizo liko ndani mwako: chomoa vifaa vyote, ipandishe, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Tatu, angalia kioo cha mita. Kama kinaonyesha salio limekwisha, umeme haujakatika, umeishiwa. Kama kioo ni cheusi kabisa, umeme haufiki kwenye mita, na hiyo ni kazi ya 105.

Waya ulioanguka chini usiukaribie hata kama unaonekana mfu. Mitambo ya njia ya umeme hujaribu kuurudisha umeme yenyewe baada ya muda mfupi, kwa hiyo waya uliolala kimya unaweza kuwa hai tena ukiwa unautazama. Piga 105 papo hapo, na 999 kama kuna mtu hatarini.

4. Mtaa mzima uko gizani. Si kuna mtu ameshapiga?

Piga. Hili ndilo kosa linaloongeza saa za giza kuliko jingine lolote lililo mikononi mwa mteja.

Njia kubwa za kilovolti 11 na kuendelea zina vifaa vinavyopeleka habari kwenye chumba cha kuendeshea mtandao. Ikizimika njia nzima, wanaona kwenye kioo chao. Lakini kipande cha mwisho, nyaya za volti 230 na 400 zinazotoka kwenye transfoma hadi majumbani, mara nyingi hakina macho hayo. Fyuzi inaweza kukatika kwenye kituo kidogo cha mtaani, nyumba 40 zikakaa gizani, na kioo chao kikaendelea kuonyesha kila kitu salama. Wanachotegemea ni simu zenu. Simu kumi kutoka postikodi kumi zinawaonyesha ni kebo gani, na pengine ni upande gani wa barabara pa kuanzia kuchimba.

Toa pia habari ya mpangilio wa giza. Ukiona nyumba moja haina, mbili zinazofuata zina, kisha moja haina tena, sema hivyo hivyo. Hiyo ni dalili ya fezi moja kati ya tatu kupotea (fezi ni nyaya tatu zinazogawana nyumba za mtaa), na fundi akijua mapema anakuja na vifaa vinavyofaa.

Sababu ya pili ni hitilafu iliyojificha nyuma ya nyingine. Dhoruba huweza kuangusha njia kubwa na, wakati huo huo, kukata waya mdogo unaoingia kwako. Wakirudisha njia kubwa, kumbukumbu zao zinaweza kuonyesha mtaa wote una umeme. Ukiona jirani kawaka na wewe bado, piga tena hata kama ulishapiga, ueleze kwamba majirani wamerudishiwa.

5. Mita yangu ni janja. Haitoi taarifa yenyewe?

Za kizazi cha pili zinaweza: umeme ukikosekana kwa dakika tatu, mita hutuma ujumbe wa mwisho kabla nguvu haijaisha ndani yake. Lakini ujumbe hutegemea mtandao wa mawasiliano ulio hai na mita iliyounganishwa sawasawa, na zipo zilizopoteza mawasiliano bila mwenye nyumba kujua. Chukua ujumbe huo kuwa nyongeza. Simu yako ndiyo taarifa.

6. Wataniuliza nini? Kiingereza changu si kizuri.

Watauliza postikodi, nambari ya nyumba, umeme ulikatika saa ngapi, kama majirani wanao, kama umeona waya uliokatika au kusikia mlio, na kama kuna mgonjwa au mtu anayetegemea mashine. Tayarisha majibu hayo kabla hujabonyeza nambari. Kama huelewani na anayepokea, sema “Swahili interpreter, please”. Kampuni hizi hutumia wakalimani wa kwa simu, japo unaweza kusubiri kidogo.

Kabla hujakata simu, omba nambari ya kumbukumbu ya taarifa yako na uandike saa uliyopiga. Mistari hiyo miwili ina thamani ya fedha, kama utakavyoona kwenye swali la 8.

## Sheria na saa zake

7. Ni sheria gani hasa inayowabana?

Mzizi ni Sheria ya Umeme ya 1989. Chini yake zipo Kanuni za Viwango vya Utendaji vya Umeme za 2015, zinazotaja saa na fidia, na kanuni za usalama, ubora na mwendelezo wa umeme za 2002, zinazotaja volti na namna ya kujenga na kutunza nyaya. Juu ya hizo kuna leseni inayosimamiwa na mdhibiti, Ofgem. Kampuni ikivunja kiwango, mteja hulipwa kwa mujibu wa kanuni. Ikivunja leseni, Ofgem huweza kuitoza faini.

8. Saa zinaanza kuhesabiwa lini?

Zinaanza pale kampuni ya nyaya ilipoarifiwa na mteja, au pale mtambo wake ulipoitambua hitilafu, lolote lililotangulia. Dakika ile taa zilipozimika nyumbani kwako haitumiki.

Tuseme umeme umekatika saa nne usiku kwa hitilafu ya waya mdogo ambao mitambo haiuoni. Wote mtaani mkalala. Wa kwanza akapiga saa moja asubuhi. Umeme ukarudi saa kumi na mbili jioni. Ninyi mmekaa saa 20 gizani, lakini kwenye vitabu vya kampuni ni saa 11, na kikomo cha siku ya kawaida ni saa 12. Hakuna anayelipwa. Angepiga mmoja tu usiku ule, nyumba zote zingekuwa zimevuka kikomo. Pengine hata wasingefika huko, kwa sababu fundi angeanza kutafuta usiku.

9. Siku ya kawaida, bila dhoruba, wanatakiwa warudishe ndani ya muda gani?

Saa 12. Wakizidisha, nyumba hulipwa £95, kisha £40 kwa kila saa 12 nyingine zinazotimia. Umeme ukikosekana saa 30: £95 kwa kuvuka saa 12, halafu kipindi kimoja kamili cha saa 12 kimepita, ongeza £40, jumla £135. Zile saa sita za mwisho hazina malipo kwa kuwa kipindi hakikutimia. Biashara hulipwa £180 mwanzoni.

Hitilafu moja ikigusa wateja 5,000 au zaidi, kikomo ni saa 24 badala ya 12.

Kukatika kwa muda mfupi hakuna fidia hata kukiwa kwa nchi nzima. Tarehe 9 Agosti 2019, baada ya radi, vyanzo viwili vikubwa vya umeme vilipotea karibu kwa wakati mmoja na wateja kama milioni 1.1 wakakatiwa. Umeme ulirudi ndani ya saa moja. Treni zilikwama hadi usiku, lakini kwa kipimo cha kanuni hizi hakuna nyumba iliyofikia kikomo.

10. Na kukiwa na dhoruba?

Dhoruba hupimwa kwa wingi wa hitilafu kwenye njia kubwa za umeme ndani ya saa 24, ikilinganishwa na wastani wa siku ya kawaida wa kampuni hiyo. Kasi ya upepo iliyotangazwa kwenye habari haihusiki. Hitilafu zikifika mara 8 ya wastani, ni kundi la kwanza na kikomo ni saa 24. Zikifika mara 13 au zaidi, tena si kwa sababu ya radi, ni kundi la pili na kikomo ni saa 48. Ndiyo maana dhoruba moja inaweza kuwa kundi la pili kwa kampuni ya kaskazini na siku ya kawaida kwa ya kusini.

Malipo ni £80 kwa kuvuka kikomo, kisha £40 kwa kila saa sita kamili, hadi £2,000. Mfano: kundi la pili, umeme umekosekana saa 75. Toa 48, zinabaki 27, ndani yake kuna vipindi vinne vya saa sita. £80 na £160 ni £240.

Kikomo hicho cha £2,000 kina historia. Dhoruba Arwen ya tarehe 26 Novemba 2021 ilikatia umeme nyumba zaidi ya milioni moja, na karibu 4,000 zilikaa zaidi ya wiki nzima, wakati wa baridi. Kikomo cha malipo kilikuwa £700, ikabidi kiondolewe kwa muda. Uchunguzi wa Ofgem uliofuata ulikuta pia kwamba watu walishindwa kuwapata wahusika kwa simu na kwamba walipewa saa za kurudishiwa umeme ambazo hazikuwa na ukweli. Makadirio mabaya huumiza, kwa sababu mtu aliyeambiwa “jioni hii” hahami kwenda kwa ndugu. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee ndani, panga kana kwamba saa waliyokutajia itapita.

11. Nyumba yangu peke yake haina umeme, na swichi zote ziko juu.

Huenda ni fyuzi kubwa, ile iliyo kwenye kisanduku kinene kinachopokea kebo ya mtaani, kabla ya mita. Kwa kawaida ni ya ampea 60, 80 au 100, nayo ni mali ya kampuni ya nyaya. Ukipiga kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni siku ya kazi, fundi anatakiwa afike ndani ya saa 3. Wikendi na sikukuu ni ndani ya saa 4, ukipiga kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Ukipiga nje ya saa hizo, hesabu huanza kipindi kinachofuata kinapofunguliwa. Fundi akichelewa, kuna fidia.

Usikate lakiri ya kisanduku hicho. Upande wa kebo hauna kinga yoyote ya karibu nyuma yake, na cheche zake huunguza uso na mikono kabla hujajua kilichotokea.

12. Hakuna siku umeme umekaa saa 12, lakini unakatika kila mara.

Ukikatika mara nne au zaidi, kila mara kwa saa tatu au zaidi, ndani ya mwaka unaoanza 1 Aprili na kuishia 31 Machi, unadai £95. Hii mara nyingi usipoiomba, huipati. Weka daftari la tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi na nambari ya kumbukumbu, kisha wasilisha dai ndani ya miezi mitatu baada ya 31 Machi.

13. Wamezima kwa matengenezo bila kuniambia.

Kanuni inataka taarifa ya angalau siku 2. Wasipotoa, au wakizima siku tofauti na waliyotaja, dai fidia ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya kudai, kagua barua zilizoandikwa “kwa mkaaji wa nyumba”, ambazo wengi hutupa na matangazo.

14. Umeme upo, lakini taa zinafifia, au zinawaka kupita kiasi.

Taa zinazowaka kupita kiasi ni dharura. Volti halali ni 230, ikiruhusiwa kushuka hadi 216.2 na kupanda hadi 253. Waya wa newtrali, ule unaorudisha umeme, ukikatika upande wa mtaani, volti hugawanyika ovyo kati ya nyumba: moja taa zinakuwa kama mshumaa, jirani yake televisheni na boila zinaungua. Katika nyumba nyingi vyuma vilivyounganishwa na ethi (waya wa ardhini) huweza kushika umeme pia. Zima swichi kubwa, usiguse bomba wala sinki, toka ukapige 105.

Kufifia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa si dharura, lakini ni taarifa halali. Ukilalamikia volti, kampuni inatakiwa itoe maelezo ndani ya siku 5 za kazi, au itume mtu ndani ya siku 7 za kazi.

## Wenye mahitaji maalumu

15. Mama anatumia mashine ya oksijeni. Tufanye nini kabla umeme haujakatika?

Mwandikisheni kwenye rejista ya huduma za kipaumbele. Ni bure, na unaweza kujiandikisha kupitia kampuni ya bili au ya nyaya. Jiandikishe kwa kampuni ya nyaya moja kwa moja, kwa sababu ndiyo utakayoipigia usiku. Wanaostahili ni wazee wa umri wa pensheni, wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, wajawazito, wenye watoto chini ya miaka mitano, na pia wasiozungumza au kusoma Kiingereza vizuri. Kipengele hiki cha mwisho wengi wetu hatukijui.

Waliomo hupewa taarifa mapema za kuzimwa umeme, nambari maalumu ya kupigia, na hupigiwa kujuliwa hali umeme ukikosekana kwa muda mrefu. Rejista haiahidi kwamba nyumba yenu itawaka kwanza, kwa sababu kebo moja hulisha nyumba nyingi. Kwa hiyo mwombeni anayewapa mashine mtungi wa akiba, na muulize unatosha saa ngapi.

## Kudai na kulalamika

16. Fidia inakuja yenyewe?

Waliomo kwenye rejista ya swali la 15 hulipwa bila kuomba. Kwa wengine kampuni hujaribu kulipa zenyewe zikiwa na taarifa za mteja, lakini mara nyingi hazina jina lako wala akaunti yako: hivyo viko kwa kampuni ya bili. Usisubiri. Dai ndani ya miezi mitatu tangu umeme uliporudi, ukitaja anwani, saa uliyoripoti, nambari ya kumbukumbu na saa umeme uliporudi. Wakishakubali, wana siku 10 za kazi kulipa, na wakichelewa hapo wanadaiwa fidia nyingine.

17. Wamekataa. Sababu zipi ni halali?

Zipo chache: wewe ndiye uliyesababisha, mgomo wa wafanyakazi, fundi kuzuiwa kuingia mahali pa kazi, au kazi kuwa ya hatari kwa wakati ule. “Hali ya hewa mbaya” peke yake haitoshi, kwa kuwa dhoruba ina viwango vyake. Waulize kwa maandishi walikuweka kundi gani na saa zilianza kuhesabiwa lini. Saa yao ya kuanza ikiwa imechelewa kuliko saa uliyopiga simu, tuma kumbukumbu ya simu yako.

18. Nilishapiga 105 mara tatu. Hayo si malalamiko tayari?

La, na hapa wengi hukwama. Kuripoti kukatika kwa umeme hufungua kazi ya ufundi. Kulalamika hufungua faili jingine, lenye kanuni zake za 2008: kampuni inalazimika kuandika tarehe, maelezo na hatua zilizochukuliwa. Tumia neno “complaint” waziwazi, kwa simu au barua pepe, na uombe nambari ya lalamiko, tofauti na ile ya hitilafu.

Kuanzia siku hiyo wana wiki 8. Zikipita bila suluhisho, au wakikuandikia kwamba wamefika mwisho, nenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, ndani ya miezi 12 ya barua hiyo. Ni bure kwako. Ukiukubali uamuzi wake, kampuni inafungwa nao. Ukiukataa, mahakama bado iko wazi. Ukihitaji msaada wa kuandika, Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanapatikana kwa 0808 223 1133 (England na Wales).

Chakula kilichoharibika na vifaa vilivyoungua ni dai jingine tena. Fidia ya saa ni ya kukosa umeme tu, haipimi hasara. Kwa hasara, kampuni ya nyaya hulipa ukionyesha uzembe, kwa mfano newtrali iliyoripotiwa wiki iliyopita ikaachwa. Vinginevyo tazama bima ya nyumba: nyingi hugharamia vyakula vya friza. Piga picha kabla ya kutupa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi hadi saa 48, friji kama saa 4.

## Mambo ya pembeni

19. Nina mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania. Imegoma.

Hii ni ya kampuni ya bili. Mita ya kulipia kabla ikiharibika hadi ukakosa umeme, wanatakiwa washughulikie ndani ya saa 3 siku ya kazi na saa 4 siku nyingine, au walipe fidia. Mita nyingi hapa zina salio la dharura la kukopa unalotakiwa kulikubali kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo aliyezoea LUKU huenda halijui. Jaribu hilo kwanza.

20. Naishi fletini na umeme umo ndani ya kodi.

Hitilafu ikiwa kwenye nyaya za jengo, baada ya kebo ya mtaani kuishia, ni jukumu la mwenye jengo na viwango vya ukurasa huu havimgusi. Kagua: taa za ngazi na lifti vikiwaka huku ghorofa yako haina, mpigie msimamizi wa jengo. Kama giza limetoka mtaani, fidia humlenga mwenye akaunti. Mwandikie mwenye nyumba akupe sehemu yako, ukiambatisha saa.

21. Nina sola juu ya paa. Mbona nami nimezimika?

Kanuni za kuunganisha zinaitaka inveta ijizime mtandao ukifa, isije ikapeleka umeme kwenye waya anaoushika fundi. Inveta yenye betri na swichi maalumu ya kutenganisha ndiyo pekee huendelea. Jenereta kamwe usiichomeke kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu hiyo hiyo.

22. Simu ya mezani imekufa pamoja na umeme.

Simu za siku hizi hupita kwenye ruta, na ruta inataka umeme. Mfumo wa zamani uliojitegemea unaondolewa, na mwisho wake umepangwa Januari 2027. Asiye na simu ya mkononi, au ambaye simu yake ya mkononi haishiki mawimbi nyumbani, amwombe mtoa huduma betri ya akiba: mwongozo wa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, unataka angalau saa moja ya kuweza kupiga simu za dharura.

23. Gesi na maji je?

Harufu ya gesi: 0800 111 999, saa zote, nje ya nyumba, bila kugusa swichi yoyote. Kipimo cha leseni ni kufika ndani ya saa 1 kwa uvujaji usiodhibitiwa na saa 2 kwa uliodhibitiwa. Maji yana kanuni zake za 2008 kwa England na Wales: kufungwa kwa maji kulikopangwa kwa zaidi ya saa 4 kunataka taarifa ya saa 48. Presha ndogo nayo ina fidia, ikishuka chini ya ile ya kuinua maji kimo cha mita 7 kwa zaidi ya saa moja, mara mbili ndani ya siku 28.

24. Ireland ya Kaskazini?

Mtandao wake ni wa NIE Networks, una mdhibiti wake, na 105 si nambari yao.

25. Nina nyumba Dar, nyingine Mombasa. Utaratibu huu unafanya kazi huko?

Ngazi zinafanana, majina ni tofauti. Tanzania Bara unaanza TANESCO, ukikwama unapeleka lalamiko EWURA, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani. EWURA CCC, baraza la watumiaji, husaidia mlalamikaji njiani. Zanzibar ni ZECO, kisha ZURA. Kenya unaanza Kenya Power kwa 97771 au *977#, kisha EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na rufaa ni kwenye Mahakama ya Nishati na Petroli. Ukiwa mbali, aliyeko kwenye nyumba ndiye aripoti, akiwa na nambari ya mita mkononi, na akutumie nambari ya kumbukumbu siku hiyo hiyo.